Kinachoua Rola za Wino

Rangi ikianza kupauka upande mmoja wa karatasi, fundi mwenye haraka huongeza wino. Karatasi zinazofuata hutoka vizuri, kisha rangi hupauka tena, na safari hii hata herufi ndogo zimeanza kuzibika. Mara nyingi wino hauna kosa. Tatizo liko kwenye rola, zile nguzo za chuma zilizovikwa mpira ambazo huchukua wino mzito, huusambaza hadi uwe utando mwembamba, kisha huulaza juu ya pleti, yaani bamba lenye picha ya kuchapwa.

Yuniti moja ya mashine kubwa ya ofseti inaweza kuwa na rola zaidi ya 15. Ngumu na laini hupangwa kwa kupokezana, na za mwisho ndizo zinazogusa pleti. Zote hufanya kazi kati ya mafuta na maji, kwa kuwa uchapaji huu unatumia kanuni aliyoigundua Alois Senefelder huko Ujerumani mwaka 1796: sehemu yenye picha hupokea wino wa mafuta, na sehemu tupu hushika maji yanayoukataa wino huo.

Kuharibika kwa rola si jambo geni. Mwaka 1813 Waingereza Bryan Donkin na Richard Bacon walitengeneza mashine yenye rola za gundi ya wanyama iliyochanganywa na molasi. Zilipokea wino vizuri kuliko ngozi, ila joto lilizilainisha, hivyo wachapaji wa karne ile wakawa na mchanganyiko wa majira ya joto na mwingine wa majira ya baridi. Mpira wa viwandani uliondoa shida hiyo, lakini nao una maadui zake.

Adui mkubwa huingia kimyakimya. Maji ya mashine ya ofseti hutiwa dawa yenye asidi kidogo, na kwa kawaida pH yake huwa kati ya 4.8 na 5.5. Karatasi nyingi za leo zimejazwa kalisi kaboneti, yaani chokaa, ili ziwe nyeupe na laini. Vumbi la karatasi likikutana na asidi, chokaa huyeyuka, kisha kalisi hujishika upya juu ya rola ikiwa chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi. Hapo huongezeka mabaki ya wino na gundi ya mgunga inayotumika kulinda pleti. Matokeo yake ni utando mgumu unaong'aa, wa jamii moja na ukoko wa birika la kuchemshia maji ya kisima. Mpira uliokuwa na mguso wa mahameli huwa kama kioo. Unavuta maji na kukataa wino.

Maji yenyewe yanaweza kuongeza balaa. Visima vingi vya Mombasa na Unguja hutoa maji yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe, nayo ni maji magumu. Kiwanda kinachoyatumia bila kuyapunguza ugumu huingiza chokaa kwenye rola hata kabla karatasi haijapita.

Hapa ndipo usafi wa mazoea unaposhindwa. Dawa ya kuoshea wino huondoa mafuta, lakini haiwezi kuyeyusha chumvi wala gundi. Rola huonekana safi huku utando ukizidi kunenepa. Kwa hiyo uoshaji kamili una hatua mbili: kwanza dawa ya kuyeyusha wino, kisha maji ya kuondoa gundi na chumvi. Mara kwa mara, kabla mng'ao haujaonekana, itumike pia dawa maalumu ya kuondoa kalisi.

Adui wa pili ni mkazo. Mashine inayochapa karatasi 15,000 kwa saa huzungusha pleti mara 250 kwa dakika, na rola, ambazo ni nyembamba zaidi, huzunguka mara nyingi kuliko hapo. Kila mzunguko huukandamiza mpira na kuuachia. Rola zikibanwa kupita kiasi, nguvu hiyo hugeuka joto, na kwa kuwa mpira haupitishi joto vizuri, joto hubaki ndani hadi mpira upasuke au ubanduke kwenye chuma.

Kupima mkazo huo ni rahisi. Fundi hupaka rola wino, husimamisha mashine, hushusha rola juu ya pleti kwa sekunde chache, kisha huziinua. Kila rola huacha mstari. Kwa mashine nyingi upana unaofaa ni karibu milimita 4, ingawa kitabu cha mashine ndicho chenye kauli ya mwisho. Mstari mpana upande mmoja unaonyesha rola imekaa mshazari. Mstari mnene kwenye ncha na mwembamba katikati unaonyesha mpira umevimba pembeni au umelika katikati, na hakuna skrubu itakayotibu hilo.

Adui wa tatu ni dawa isiyofaa. Petroli na thina hupenya kwenye mpira na kuyatoa mafuta yanayoulainisha. Ukikauka, husinyaa na kuwa mgumu. Mpira wa nitraili huvumilia wino wa kawaida wa mafuta, ilhali mpira wa EPDM hufaa kwa wino unaokaushwa kwa taa za UV. Mipira hiyo ikibadilishana kazi, huvimba.

Rola za akiba zina masharti yake pia. Zifungwe kwa karatasi isiyopitisha mwanga, zishikiliwe kwa ekseli zake, zisilazwe sakafuni, na ziwe mbali na mota za umeme zinazotoa ozoni. Yuniti isiyotumika nayo isizungushwe kavu.

Rola nyingi zinazogusa pleti huwa na ugumu wa takriban 25 hadi 35 kwa kipimo cha Shore A. Ugumu ukipanda kwa pointi 10 au zaidi, wakati wa kuivisha rola mpira mpya umekaribia. Chuma chake hutumika tena. Kila kiwanda kinachojali kazi yake kinunue duromita ya kupimia ugumu na kipimo cha pH, na kiwe na daftari lenye tarehe na ugumu wa kila rola, kuanzia siku inapofungwa mashineni.