Nani alioka keki ya Krismasi, na mbona hayuko kwenye picha?

Hebu fungua simu yako sasa hivi, urudi nyuma hadi picha za Desemba iliyopita. Chapati zipo. Kuku yupo. Keki ipo, tena imepigwa kila upande kama mshukiwa kituoni. Binamu waliotoka Nairobi wapo na viatu vyao vipya. Sasa nitafutie picha moja tu ya mtu aliyekuwa jikoni. Mama yako, shangazi, ama wewe mwenyewe kama ndiwe uliyeshika mwiko. Nakupa dakika mbili.

Hujapata, sivyo? Ama umepata mkono tu ukipitisha sahani. Hauko peke yako.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Naishi Kisii mjini, kwetu ni Nyamira, na chuo niliacha njiani. Wacha nikusimulie jinsi keki iliyoanguka ilivyonirudishia kamera, ndipo nikuambie ninachotaka ufanye sikukuu hii.

Kamera chini ya kitanda

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa mwaka wa pili nikisomea uanahabari. Nilirudi nyumbani na begi la nguo na kamera ya mtumba niliyoinunua kwa pesa za kuchapia watu kazi kwenye saiba. Miezi minane nilijinyima chipsi kwa sababu ya hiyo kamera. Nilidhani nitakaa nyumbani wiki mbili.

Masomo yaliporejea Januari 2021 nilikuwa na mimba ya miezi saba, na mwenye mimba alikuwa ameshabadilisha laini ya simu. Nikapiga hesabu ya karo, nepi na chumba cha kupanga karibu na chuo. Hesabu ikakataa.

Binti yangu akazaliwa, kamera ikaenda chini ya kitanda. Kama wewe ni mama kijana unajua mambo yalivyo. Hulali, hunywi chai ikiwa moto, na watu wakikupigia simu hawaulizi tena habari zako, wanauliza "mtoto anaendeleaje?" Mimi niliyekuwa napiga picha mia mbili kwa siku nikabaki kupiga picha ya kitabu cha kliniki ili nisisahau tarehe ya chanjo. Sikuwa nalia. Nilikuwa tu nimejisahau, polepole, bila hata kujua.

Ijumaa ya keki mbili

Krismasi ya 2021 iliangukia Jumamosi. Kama umelelewa na Wasabato, tayari umeelewa shida ilikuwa wapi. Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kigusii, hakuwa na mzaha na Sabato. Jua likizama Ijumaa, hakuna kukanda wala kuoka. Na sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua letu halichelewi: saa kumi na mbili unusu hivi limeenda, na giza halikupi hata nafasi ya kutafuta kiberiti.

Kazi ya keki nilipewa mimi, ati kwa sababu "wewe ndiwe mtu wa mtandao." Nilikuwa na vipimo vya rafiki yangu wa Mombasa, mwokaji kwelikweli. Nikafuata kila kijiko. Keki ikapanda haraka, ikapendeza, nikaita watu waje waone. Walipofika ilikuwa imebonyea katikati kama kiti cha matatu ya zamani. Wajomba wakacheka hadi wakashika ukuta.

Baadaye ndipo nilipojua kosa halikuwa la mkono wangu. Mombasa iko usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu, na sehemu nyingine za Nyamira zinapita 2,000. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo zile gesi zinazoumua keki hutanuka haraka kuliko pwani. Keki inapanda kabla unga haujashikana, halafu inaporomoka. Maji nayo huchemka mapema, karibu nyuzi 94 badala ya 100, na unyevu hukauka upesi. Dawa yake ni ndogo tu: punguza poda ya kuumulia, ongeza maji au maziwa kidogo.

Magokoro hakuhitaji sayansi hiyo. Alitazama keki yangu, akatazama jua, akasema, "Leta ndizi zile nyeusi." Ilikuwa saa kumi unusu. Tukaanza upya, yeye anapepea makaa, mimi naponda ndizi, mtoto amefungwa mgongoni kwangu akinivuta nywele.

Kamera nilikuwa nimeibeba, lakini si kwa ajili ya sikukuu. Kuna kijana wa Keroka aliyekuwa amekubali kuinunua baada ya Krismasi, na alitaka kuona kama bado inapiga. Keki ilipoingia motoni nikaweka betri, nikaanza kuijaribu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, jua limeshuka, mwanga wa manjano unapita katikati ya moshi. Magokoro akainua kifuniko chenye makaa kwa koleo, uso wote ukawaka.

Nikapiga. Nikapiga tena.

"Unanipiga na leso ya jikoni? Ngoja nivae nguo ya kanisa."

"Magokoro, usisonge hata kidogo."

Akacheka. Hiyo ndiyo picha.

Keki ilitoka dakika kumi hivi kabla ya jua kuzama. Imara, rangi ya udongo, inanukia ndizi hadi kwa jirani. Nilipokagua picha usiku niliona kila moja ina doa jeupe pembeni, kama mtu amepumulia kioo. Lenzi ilikuwa imeota kuvu. Begi lililofungwa, giza chini ya kitanda na unyevu wa milima yetu, kuvu haitaki zaidi ya hapo. Yule kijana wa Keroka alipoliona doa akashusha bei hadi nusu. Nikakataa. Kwa hivyo naweza kusema kuvu ndiyo iliyoniokolea kamera, ingawa ukweli ni kwamba baada ya picha ile sikutaka tena kuiuza.

Picha ya kitambulisho

Magokoro alituacha mwaka wa 2023. Kama umewahi kupanga mazishi unajua swali la siku ya kwanza: picha ya kuweka kwenye programu iko wapi? Wajomba walileta kitambulisho chake, ili picha ikuzwe dukani. Uso umekazwa, macho yanamwogopa mpiga picha.

Fikiria hivi. Kenya ilianza kusajili wanawake kwa vitambulisho baada ya sheria kubadilishwa mwaka wa 1978. Kabla ya hapo kipande kilikuwa cha wanaume. Magokoro aliwahi kuniambia kwamba ile ya kitambulisho ndiyo picha ya kwanza aliyopigwa maishani. Alikuwa tayari mama wa watoto watano. Alilima chai, alilea, alipikia watu harusi zisizohesabika, na serikali ndiyo iliyomkumbuka na kamera, ikitaka namba.

Nikaitoa picha yangu ya jikoni. Kukawa na maneno. Mjomba mmoja akasema mtu hazikwi na leso yenye masizi. Mwishowe kitambulisho kikawekwa mbele na yangu ikawekwa ukurasa wa ndani. Siku ya mazishi niliketi nyuma nikiwaangalia watu. Kila aliyeshika programu aliifungua ndani, akatulia pale. Mama mmoja wa kanisani akanionyesha kwa kidole: "Huyu ndiye yeye."

Kuna mpiga picha wa Nairobi anayeitwa Thandiwe Muriu, aliyeanza kushika kamera akiwa na miaka 14. Mfululizo wake unaitwa *Camo*. Ndani yake, mwanamke amevaa kitambaa kile kile kilichotandazwa nyuma yake, mpaka mwili unapotelea ukutani, na machoni amevaa miwani iliyoundwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Nilipoziona mara ya kwanza nilimkumbuka kila mama wa jikoni ninayemjua. Yupo, lakini lazima umtafute.

Halafu nikapigwa na jambo jingine. Jioni ile nilipiga picha thelathini na kitu. Katika zote, hakuna hata moja yenye mimi, Magokoro na mtoto pamoja. Binti yangu sasa anajua kuuliza. Ameiangalia picha ile ukutani akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa nyuma ya kamera. Ni jibu la kweli, lakini halimtoshi, na mimi halinitoshi.

Sasa ni zamu yako

Anza na keki, kwa sababu keki ndiyo itakayowaleta watu jikoni. Ponda ndizi tatu zilizoiva hadi ganda likawa na madoa meusi. Daraja Mbili zimejaa, na kwa kuwa zimeiva sana utauziwa bei ya kutupa. Changanya na mayai mawili, mafuta nusu kikombe na sukari robo tatu ya kikombe. Ongeza vikombe viwili vya unga wa ngano. Ukipenda, robo yake iwe ya wimbi. Poda ya kuumulia weka kijiko kimoja na nusu cha chai, si viwili, kisha maziwa kidogo hadi mchanganyiko uteleze polepole kutoka kwenye mwiko.

Huna oveni? Hata sisi hatukuwa nayo. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uipashe moto dakika kumi, kisha uweke ndani sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na yenye mchanganyiko wako. Funika, weka makaa machache juu ya kifuniko, moto wa chini uwe mdogo. Baada ya dakika 45 hivi dunga kijiti. Kikitoka kikavu, umeshinda. Jiko la makaa liwe nje au penye mlango na dirisha wazi, maana gesi yake inaua bila harufu. Na mtoto anayetambaa apewe mtu wa kumshika.

Sasa picha. Huhitaji kamera, simu inatosha. Kwanza pangusa lenzi yake kwa kitambaa safi, kwa sababu vidole vya mtoto na mafuta ya keki vimekaa pale tangu Novemba. Zima flashi. Mweke mpikaji karibu na mlango, mwanga umpate upande mmoja. Epuka jua la saa sita, kwetu linasimama utosini na kumpa kila mtu macho ya shimo. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni ndio wakati. Mtoto mpige ukiwa umepiga magoti, usawa wa macho yake. Kama una kamera halisi, iweke kwenye ndoo inayofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usirudie kosa langu.

Halafu hili ndilo la muhimu. Egemeza simu kwenye kikombe, weka muda wa sekunde kumi, kimbia uingie kwenye picha. Ukiwa na leso ya jikoni. Ukiwa na unga kwenye nyusi na mwili ambao haujarudi ulivyokuwa kabla ya kujifungua. Najua utasema ngoja nisuke kwanza. Magokoro naye alisema ngoja nivae nguo ya kanisa.

Mimi sijarudi chuo, na sikudanganyi kwamba picha zimenitajirisha. Naitwa siku moja moja kwenye sherehe za kuzaliwa kwa watoto, doa la lenzi nalikata pembeni, nalipwa, napata nepi na umeme. Lakini sasa mtu akiniuliza nafanya nini, nina jibu.

Ukishapiga, usiiache ipotelee kwenye stetasi ya saa ishirini na nne. Nenda duka la picha uichape moja, uandike nyuma yake majina, mahali na tarehe. Na kama huyo wa jikoni nyumbani kwenu yuko hai leo, usingoje Krismasi. Mwite mlangoni, penye mwanga.