Simujanja Imegota Wapi?

Simujanja ya kwanza ya Apple, iliyoingia sokoni Juni 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5 chenye nukta 163 kwa kila inchi, kumbukumbu ya megabaiti 128 na kamera moja ya megapikseli 2 isiyoweza kurekodi video. Miaka kumi baadaye iPhone X ilikuja na nukta 458 kwa inchi, kumbukumbu ya gigabaiti 3, yaani mara 24 ya ile ya mwanzo, na kamera mbili za nyuma zinazorekodi video za 4K. Ikapita miaka mingine minane. iPhone 17 ya mwaka 2025 ina nukta 460 kwa inchi na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kumbukumbu, iliyokuwa imekua mara 24 katika muongo wa kwanza, safari hii haikufika hata mara 3, na kioo kimeongezewa nukta mbili tu.

Soko nalo liliona hali hiyo mapema. Simujanja zilizosafirishwa kwenda madukani duniani kote zilifika kilele mwaka 2016, karibu bilioni 1.47, kisha zikaanza kushuka. Mwaka 2023 zilikuwa takriban bilioni 1.17. Watu hawakuacha kutumia simu. Walichoacha ni kubadilisha simu kila baada ya mwaka au miwili, kwa sababu ile ya zamani bado ilifanya kazi vizuri.

Wachunguzi wa historia ya teknolojia huuchora ukuaji wa namna hii kwa mstari wenye umbo la herufi S: huanza taratibu, hupanda kwa kasi, kisha hulala. Ndege za abiria ni mfano mzuri. Boeing 707, iliyoanza kubeba abiria wa Pan Am mwaka 1958, iliruka kwa mwendo usiopungua ule wa ndege nyingi za leo. Mwendo uligota zamani, lakini matumizi ya mafuta, usalama na nauli vikaendelea kubadilika kwa zaidi ya nusu karne. Simujanja inaelekea kupita njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba ndani yake zimefungwa teknolojia kadhaa kwa pamoja, na kila moja imegota kwa sababu yake.

Kioo kina maelezo mafupi, kwa kuwa kikomo chake ni jicho la binadamu. Jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya sitini ya digrii. Simu ikishikwa sentimita 30 kutoka usoni, pembe hiyo ni sawa na nukta 290 hivi kwa inchi. iPhone 4 ilivuka kiwango hicho mwaka 2010 kwa nukta 326. Mwaka 2015 Sony ilitengeneza Xperia Z5 Premium yenye nukta 806, na karibu hakuna aliyeifuata, maana ukali ule haukuonekana na betri ndiyo iliyolipa gharama.

Chipu imegota kwenye joto. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM alionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, umeme inaoutumia hupungua kwa uwiano uleule, kwa hiyo transista nyingi zaidi zinaweza kubanwa mahali palepale bila chipu kuungua. Kanuni hiyo ilikoma kufanya kazi katikati ya miaka ya 2000, kabla hata ya iPhone, pale umeme ulipoanza kuvuja katika transista zilizokuwa zimeshakuwa ndogo mno. Kompyuta ya mezani hupoozwa kwa feni. Simu hupoozwa na mfuko wake na kiganja cha mwenyewe. Ikitumia wati chache tu kwa muda mrefu, mkono huhisi moto na simu hujipunguzia kasi yenyewe. Viwanda bado vinasonga mbele: TSMC ya Taiwan ilifikia kizazi kinachoitwa nanomita 7 mwaka 2018, nanomita 5 mwaka 2020 na nanomita 3 mwishoni mwa mwaka 2022. Majina hayo, hata hivyo, siku hizi ni ya biashara. Hakuna sehemu ya transista inayopimwa ikakutwa na upana huo. Kasi inaongezeka kweli, ila mtumiaji wa ujumbe, ramani na video haigundui, kwa kuwa chipu ya miaka mitano iliyopita iliyatosheleza mahitaji hayo.

Kamera inahitaji maelezo marefu zaidi, maana ndiyo inayopambwa kwa namba kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye simu. Picha hutengenezwa na mwanga, na mwanga hukusanywa kwa eneo. Kihisi cha kamera kubwa za wapigapicha kina milimita 36 kwa 24, jumla ya milimita za mraba 864. Kihisi kikubwa kabisa kilichowahi kutiwa kwenye simu nyingi, kile kinachoitwa cha inchi moja, kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani milimita za mraba 116 hivi. Kukiongeza ukubwa kunahitaji lenzi iliyo mbali zaidi nacho, na simu ina unene wa milimita nane au tisa tu. Ndiyo sababu kamera za simu ghali hutokeza mgongoni kama nundu.

Watengenezaji wakageukia kuongeza idadi ya pikseli. Nokia 808 PureView ya mwaka 2012 ilikuwa na megapikseli 41, na kufikia mwaka 2022 Motorola ilikuwa imeuza simu yenye megapikseli 200. Hapo sheria ya fizikia inaingia. Mwanga ukipita kwenye tundu la lenzi hutawanyika kidogo, hivyo nukta moja ya mwanga haitui kihisini ikiwa nukta. Hutua ikiwa doa. Kwa lenzi ya kawaida ya simu, doa hilo lina upana wa zaidi ya mikromita 2. Pikseli za kihisi cha megapikseli 200 zina upana wa takriban mikromita 0.6. Doa moja hufunika pikseli kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo sehemu kubwa ya pikseli hizo haiongezi ukali wowote. Simu zenyewe zinalikiri hili: katika hali ya kawaida huunganisha pikseli 16 kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.5. Mnunuzi anayechagua simu kwa namba iliyoandikwa pembeni mwa lenzi anachagua kwa kigezo dhaifu kuliko vyote.

Maendeleo ya kweli yalihamia kwenye hesabu. Programu za Google, HDR+ na Night Sight ya mwaka 2018, hupiga picha nyingi mfululizo, huzipanga moja juu ya nyingine na kuchukua wastani wake. Chengachenga za giza hutokea kwa bahati tu, hivyo wastani huzifuta: picha tisa zikiunganishwa, chengachenga hupungua hadi theluthi moja. Kihisi ni kilekile, lenzi ni ileile, lakini picha ya usiku inaonekana. Hesabu hizohizo zilifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa wateja wa Afrika. Kwa miaka mingi kamera zilipangiwa mwanga kwa kufuata ngozi nyeupe, na nyuso nyeusi zikatoka kama vivuli. Transsion, kampuni ya Shenzhen yenye chapa za Tecno, Itel na Infinix, ilijijengea jina barani Afrika kwa sehemu kutokana na kurekebisha kasoro hiyo kwenye simu za bei nafuu; Google ilikuja na Real Tone mwaka 2021. Hatua hiyo haikuhitaji kioo kipya wala chipu mpya. Ilihitaji tu mtu akubali kwamba wateja hao nao wanastahili kuonekana.

Betri ndiyo iliyochelewesha mengine yote. Betri ya ioni za lithiamu iliuzwa kwa mara ya kwanza na Sony mwaka 1991, na waliofanikisha kemia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Upande wake mmoja una oksidi ya kobalti, kemia aliyoigundua Goodenough na wenzake Oxford mwaka 1980. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa Lualaba na Katanga ya Juu, na mitaani Kolwezi kazi hiyo hujadiliwa kwa Kiswahili. Serikali ya Kongo iliposimamisha kusafirisha kobalti Februari 2025 ili kuinua bei iliyoporomoka, viwanda vya betri duniani vililazimika kufanya hesabu upya.

Umeme unaobebwa na betri hizi umeongezeka polepole, asilimia chache kwa mwaka, wakati kumbukumbu na chipu zilikuwa zikiongezeka maradufu. Mfano ulio wazi ni Samsung: Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020 ilikuwa na betri ya mAh 5,000, na S25 Ultra ya mwaka 2025 ina mAh 5,000 zilezile. Sababu iko kwenye upande wa pili wa betri, uliotengenezwa kwa grafiti. Atomu sita za kaboni huhifadhi atomu moja ya lithiamu, na kikomo chake ni mAh 372 kwa gramu. Silikoni inaweza kuhifadhi karibu mara kumi ya hizo, lakini ikijaa huvimba hadi mara tatu au nne ya ujazo wake, na baada ya kuchajiwa mara kadhaa hupasukapasuka. Tangu mwaka 2023, Honor na kampuni nyingine za China zimekuwa zikichanganya chembe ndogo za silikoni na kaboni ili uvimbe huo upate nafasi, na kufikia mwaka 2025 simu nyembamba zenye mAh 7,000 zilikuwa zikiuzwa. Kwa hiyo wanaosema simu imesimama kila mahali hawajaitazama betri. Hapa mstari ndio kwanza unaanza tena kupanda.

Umbo jipya, la simu zinazokunjwa, lilijulikana sana kwa Galaxy Fold ya mwaka 2019, na mwaka 2024 Huawei ilileta Mate XT inayokunjwa mara mbili kuwa sehemu tatu. Bado ni sehemu ndogo sana ya mauzo, kwa kuwa bei ni kubwa na bawaba huongeza mahali pa kuharibika.

Hayo yote ni habari za simu ghali. Kwa mtu wa Mbagala, Kisumu au Bujumbura, swali la kugota lina sura nyingine. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, miezi mitatu kabla ya iPhone kuanza kuuzwa, na ikafika Tanzania mwaka 2008. Haikuhitaji simujanja. Mpaka leo mwenye kitochi Tanzania hubonyeza *150*00#, akatuma pesa na kulipa umeme. Huduma iliyoyabadilisha zaidi maisha ya eneo hili katika zama za simu ilikaa juu ya teknolojia iliyokuwa imegota kitambo, yaani laini ya simu na menyu ya maandishi. Hilo linaonyesha kwamba kulala kwa mstari si kifo cha uvumbuzi. Kitu kinapotulia, watu hupata mahali pa kujenga juu yake.

Kulala kwa simu ghali pia huziruhusu simu za bei ya chini zizikaribie. Kiwanda cha Athi River, kilichofunguliwa Kenya Oktoba 2023, kilianza kuunganisha simujanja za 4G za bei ya chini ya shilingi 10,000 za Kenya. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom na Google, ulioanza mwaka 2020, ulimruhusu mnunuzi kulipa shilingi 20 kwa siku. Afrika kusini mwa Sahara, watu wanaoishi penye mtandao lakini hawautumii ni wengi kuliko wale ambao mtandao haujawafikia, na kizuizi kimojawapo kikubwa ni bei ya simu. Kwao simu ya kawaida, isiyo na jambo jipya kwa mtaalamu wa Seoul, ni hatua kubwa kuliko lenzi yoyote ya nyongeza.

Akili unde inatajwa kuwa ndiyo itakayoanzisha mstari mpya. Ina manufaa ya kweli: tangu Google iongeze Kiswahili kwenye uandikaji kwa sauti mwaka 2017, mtu anayepata shida kuandika ameweza kusema ujumbe wake na simu ikauandika. Lakini programu inayojibu ndani ya simu yenyewe, bila intaneti, inahitaji kumbukumbu. Mfumo mdogo wa vigezo bilioni 3, hata ukibanwa kila kigezo kikae kwenye nusu baiti, hula gigabaiti 1.5 peke yake. Simu yenye gigabaiti 2 haiwezi kuubeba, na yenye 4 itaubeba kwa taabu. Mwenye simu hiyo atategemea kompyuta za mbali, na kila swali litakula bando. Kwa sasa, basi, akili unde inalipanua pengo ambalo kutulia kwa vifaa kulikuwa kumeanza kulipunguza.

Kigezo kinachobaki kuwa na maana kwa mnunuzi ni umri wa simu. Google iliahidi masasisho ya miaka saba kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 Januari 2024. Ahadi hizo ziliwezekana kwa sababu chipu ya leo itatosha hata mwaka wa saba. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unadai betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 800, na vipuri vipatikane kwa miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa. Kwa mtu anayemaliza chaji kila siku, mara 800 ni miaka miwili na miezi miwili hivi. Baada ya hapo simu iliyo nzima kwa kila kitu huanza kuzimika mchana. Betri zilizogandishwa kwa gundi huwalazimisha mafundi wa maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi, kupasha joto mgongo wa simu, kuubandua taratibu na kuomba kioo kisipasuke. Sheria nyingine ya Ulaya, inayoanza Februari 2027, inataka betri nyingi ziweze kutolewa na mwenye kifaa kwa zana za kawaida, na simu zitakazotengenezwa kwa kuifuata zitakuja kuuzwa pia kwa mtumba kwenye maduka hayohayo.