Motokari ya zamani ya mazuti: namna ya kuinunua na kuitengeneza

Ninyi wakulima mnaokaa karibu na migodi ya Kambove, Fungurume na Kolwezi, maneno haya ni yenu. Yasomeni polepole, kisha myasome mbele ya wenzenu wasiojua kusoma.

Kuna watu ambao mashamba yao yalichukuliwa kwa ajili ya mgodi, wakalipwa feza. Shamba lilikuwa likiwalisha kila mwaka, lakini feza inakuja mara moja tu. Wengine wamechanga feza ya mavuno ya miaka miwili au mitatu. Wote wanawaza neno moja: tununue motokari.

Wazo hili si baya. Mwenye kukosa motokari anamngojea mchuuzi, na mchuuzi ndiye anayetaja bei ya mahindi. Lakini motokari mbovu ni kinywa kinachokula bila kufanya kazi. Shamba limekwenda, feza imekwenda, na chuma kinasimama chini ya mwembe, kuku wanataga ndani yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo jifunze kwanza, ununue kisha.

1. MOTOKARI GANI INAFAA?

Chagua ile ambayo fundi wa kwenu amekwisha kuifungua mara nyingi, na ambayo vyuma vyake vinauzwa mjini. Katika nchi yetu ya shaba, watu wengi wanaijua Toyota Land Cruiser ya namna inayoitwa 70. Ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Ile ya HZJ75 ilitengenezwa tangu mwaka 1990 mpaka 1999. Mashini yake, 1HZ, ina silinda 6 na lita 4.2, nayo haina turbo. Pompi yake ya mazuti inafanya kazi kwa chuma na mkono wa fundi, bila kompyuta. Ndiyo sababu inaweza kutengenezwa mbali na mji.

Mashini ya mazuti haiwashi moto kwa cheche kama mashini ya esansi. Inabana hewa kwa nguvu sana. Katika 1HZ hewa inabanwa mara 22 hivi, mpaka inakuwa na moto mkali, na mazuti yakirushwa ndani yanawaka yenyewe. Shika neno hili moyoni. Mashini iliyolika ndani haiwezi tena kubana hewa vizuri, na asubuhi ya baridi inakataa kuwaka. Hapo ndipo utakapoijua.

2. GAWANYA FEZA MBELE YA KUNUNUA

Gawanya feza yako mafungu matatu. Mafungu mawili ni ya kununua. Fungu la tatu lifiche, lisiguswe: ni la kutengeneza. Hakuna motokari ya zamani isiyodai kitu katika miezi ya kwanza. Kama bei inamaliza mafungu yote matatu, motokari ile si yako. Iache.

3. NAMNA YA KUIANGALIA

Nenda asubuhi, tena pamoja na fundi wako mwenyewe. Usimtumie fundi wa mwenye kuuza. Kama unaweza, nenda mwezi wa sita au wa saba, wakati wa baridi.

Kwanza, weka mkono juu ya mashini. Ikiwa na joto, mwenye kuuza ameiwasha mbele yako kufika. Mwambie utarudi kesho.

Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radiatere. Usikifungue kamwe mashini ikiwa na moto, maji yatakuunguza uso. Angalia kama mafuta yanaelea juu ya maji. Kisha chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya mashini. Mafuta meusi si neno, ni desturi ya mazuti. Lakini yakifanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usinunue.

Sasa iwashwe. Angalia moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwaka unaweza kuisha mashini ikipata joto. Ukiendelea, ni ubaya. Moshi wa bluu maana yake mashini inakula mafuta yake. Moshi mweusi mwingi maana yake hewa ni chache au mazuti ni mengi: pengine chujio cha hewa kimejaa vumbi, pengine pompi au vichwa vya kurushia mazuti vimeharibika. Kisha fungua kifuniko cha kutilia mafuta, mashini ikiwa inanguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu na kupigapiga, pistoni na silinda zimelika.

Pili, lala chini ya motokari. Rangi ni nguo tu, shasi ndiyo mifupa. Piga shasi kwa nyundo ndogo toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinanyamaza. Tazama sana fasi ya marisori inaposhikana na shasi, na fasi ya usukani, kama kuna ufa au chuma kilichounganishwa kwa moto. Motokari nyingine zilitoka nchi za theluji, ambako watu wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi inakula chuma.

Tatu, iendeshe. Panda kilima. Shika freni kwa nguvu uone kama inavuta upande mmoja. Tia magurudumu manne kazini, kisha vitesi vifupi, katika udongo na si juu ya lami. Mwenye kuuza akisema hakuna haja ya kujaribu, ujue kuna sababu.

Usiamini hesabu ya kilometa peke yake. Angalia mpira wa pedali na ngozi ya usukani. Hesabu ndogo na pedali iliyolika haviwezi kuwa kweli vyote viwili.

Nne, karatasi. Namba iliyopigwa juu ya shasi iwe sawasawa na namba ya karte roze, na jina la mwenye kuuza liwe lile lile. Andikeni mauzo mbele ya mashahidi. Kumbuka tena kwamba kwetu Kongo tunapita upande wa kuume, lakini Zambia na Tanzania wanapita kushoto, na motokari za kule zina usukani upande wa kuume. Shofere wa motokari hiyo hawezi kuona vizuri mbele anapotaka kupita lori. Ulizeni kwa wakubwa wa serikali sheria inasema nini juu ya usukani huo, mbele ya kulipa.

4. KAZI YA KUTENGENEZA, MOJA BAADA YA INGINE

Wengi wanaanza na rangi na redio. Huko ni kupamba maiti. Fuata njia hii:

a) Badilisha mafuta ya mashini, ya sanduku la vitesi na ya madaraja ya magurudumu. Badilisha machujio yote: la mafuta, la mazuti, la hewa.

b) Badilisha mkanda wa ndani wa 1HZ, ule unaotembeza supapu. Kazi yake ni kilometa 100,000. Ukikatika, pistoni zinapiga supapu na mashini inavunjika siku ile ile. Hujui ulibadilishwa lini? Badilisha sasa. Land Cruiser za mbele yake zenye mashini 2H au 3B hazina mkanda huo. Zinatumia magurudumu ya meno.

c) Safisha radiatere, badilisha mipira ya maji iliyopasuka. Mashini inayochemka inaharibu kichwa chake.

d) Tengeneza freni na usukani. Motokari isiyosimama itaua watoto wa kijiji chako.

e) Tengeneza marisori na mipira ya magurudumu. Rangi ije mwisho, kama feza imebaki.

5. KUITUNZA NA KUIHESABIA

Vumbi la barabara za migodi ndilo adui wa kwanza. Kila juma toa chujio cha hewa, ulipulize toka ndani kwenda nje. Adui wa pili ni maji katika mazuti. Mazuti ya vidumu vya kando ya njia yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi, na mara kwa mara fungua tundu la chini ya chujio la mazuti maji yatoke. Badilisha mafuta ya mashini kila kilometa 5,000.

Usipakie kupita kipimo. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja, inatosha. Tena piga hesabu. Kama safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 120, na motokari inakunywa lita 15 kwa kilometa 100, safari ni lita 18. Basi kila mfuko unabeba deni la karibu lita moja ya mazuti, bila kuhesabu shofere, mafuta, mipira na vyuma. Kama faida ya mfuko mjini haizidi gharama hizo zote, afadhali kukodi motokari ya mwingine.

Mkiwa wengi mlionunua pamoja, wekeni daftari moja. Andikeni kila safari, kila lita, kila feza iliyoingia. Kila safari tieni kidogo katika sanduku la vyuma, wala sanduku lile lisifunguliwe kwa ajili ya sikukuu.

Mwenye kufanya hivi, motokari yake ya zamani itamlimia shamba jingine mahali pa lile lililochukuliwa.