Aya Zinazofanana: Kwa Nini Mwenye Kuhifadhi Huhama Sura

Wazazi wenye watoto wanaohifadhi Qur'an Tukufu wanalijua jambo hili. Mtoto anasoma kwa ghibu, sauti imetulia, aya zinafuatana barabara; mara anajikuta yumo katika sura nyingine. Alianza kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Surat al-Baqara, anakimalizia katika Surat al-A'raf. Ustadhi anamsimamisha, anarudi nyuma, anaanza upya, na anapotea pale pale.

Katika nyumba zetu nyingi, iwe Dodoma mjini, Kondoa au Mpwapwa, hukumu hutolewa upesi: mtoto huyu hadurusu. Baada ya hukumu hufuata karipio, na pengine bakora. Wapo watoto waliovunjika moyo kwa sababu hiyo, wakaiacha hifdhi wakiamini kuwa Mwenyezi Mungu hakuwajaalia kichwa cha kuhifadhi.

Hukumu hiyo inahitaji kutazamwa upya. Mtoto ambaye hakudurusu kwa kawaida hunyamaza, kwa kuwa hajui kinachofuata. Anayehama kutoka sura moja hadi nyingine anazijua aya zote mbili. Kilichomshinda ni kuzitenga.

Maulamaa walilitambua hilo karne nyingi zilizopita. Aya zinazokaribiana kwa maneno waliziita mutashabihat za lafdhi, tofauti na zile mutashabihat ambazo mjadala wake uko katika maana. Imamu al-Kisai, mmoja wa wasomaji saba mashuhuri, aliyefariki mwaka 189 Hijria (805), ananasibishwa na kitabu kilichozikusanya aya hizo. Alam al-Din al-Sakhawi, aliyefariki Damascus mwaka 643 Hijria (1245), aliwatungia wenye kuhifadhi utenzi wa kuwaongoza katika aya hizo. Vitabu hivyo havikutungwa kwa ajili ya wavivu. Vilitungwa kwa ajili ya mahafidhi.

Tena imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alitatizwa na kisomo ndani ya swala, na baada ya kumaliza akamuuliza Ubayy bin Ka'b (r.a.) ni kipi kilichomzuia kumkumbusha. Kumkumbusha msomaji, kwa hiyo, ni sunna inayotendwa hadi leo nyuma ya maimamu wetu katika tarawehe, bila ya mtu kuaibishwa.

Elimu ya ubongo nayo imeitafiti hali hii kwa muda mrefu. Mwaka 1900 wataalamu wawili wa Ujerumani, Georg Elias Müller na Alfons Pilzecker, walieleza kwamba somo jipya huweza kulivuruga somo lililotangulia. Mwaka 1957 Mmarekani Benton Underwood alionyesha upande wa pili, kwamba la zamani nalo hulivuruga jipya. Watu waliojifunza orodha ya maneno kwa mara ya kwanza walisahau takriban robo yake baada ya siku moja. Waliokwisha kujifunza orodha nyingi kabla yake walisahau takriban robo tatu.

Familia zilizohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, baada ya Serikali kuanza kuhamia hapa mwaka 2016, zinaweza kulielewa hilo bila ya maabara. Aliyezoea Chang'ombe ya Temeke, akitajiwa Chang'ombe ya Dodoma, huenda akili yake ikatangulia kwenda Temeke kabla ya kurudi. Hakuisahau njia. Jina moja limemfungulia milango miwili. Ndivyo alivyo mtoto mbele ya aya mbili zenye mwanzo mmoja.

Je, ubongo huutatua vipi mgongano huo? Ndani ya kichwa, kila upande, kuna sehemu iitwayo hipokampasi, yenye kazi kubwa katika kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mwaka 2017 Avi Chanales, Brice Kuhl na wenzao walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walijifunza njia zilizoanza pamoja kisha zikaachana, huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine. Kadiri walivyozidi kujifunza, alama za njia hizo katika hipokampasi zilizidi kutengana, hata zikatofautiana kuliko alama za njia ambazo hazikukutana popote. Kwa maneno mengine, ubongo hauzichanganyi tu kumbukumbu zinazofanana. Ukishatambua kwamba ziko mbili na zinagongana, huzisukuma mbali.

Mchungaji mwenye ng'ombe wawili wekundu hufanya vivyo hivyo. Hauangalii tena wekundu. Hutazama pembe, baka au sikio. Mtoto wa hifdhi naye ahitaji kuonyeshwa pembe ya aya.

Basi hatua ya kwanza ni kuziweka aya mbili pamoja. Chukua daftari, ligawe ukurasa safu mbili, mtoto aziandike aya zote mbili na apige mstari chini ya neno linalozitenga. Kisha aulizwe sababu ya tofauti hiyo. Mfano ulio mashuhuri ni Surat al-An'am aya ya 151 na Surat al-Isra aya ya 31, zote mbili zikikataza kuua watoto. Katika ya kwanza ahadi ya riziki yaanza na wazazi. Katika ya pili yaanza na watoto. Wafasiri wameeleza kuwa ya kwanza yawahusu walio tayari katika ufukara, na ya pili yawahusu wanaouhofia ufukara ujao. Mtoto akiielewa sababu hiyo, tofauti haitakuwa tena neno tupu la kukariri.

Pili, kurasa mbili zinazofanana zisihifadhiwe kwa mara ya kwanza katika jioni moja. Ya kwanza iachwe ikite mizizi, ndipo ya pili iletwe ubavuni mwake. Usingizi nao usipunjwe: tangu jaribio la John Jenkins na Karl Dallenbach la mwaka 1924, imejulikana kuwa aliyejifunza kisha akalala husahau kidogo kuliko aliyebaki macho kwa muda ule ule.

Tatu, mtoto aulizwe zaidi kuliko kusomeshwa tena. Mwanzishie aya kutoka katikati ya sura, mwache aendelee, kisha ataje sura aliyomo. Atumie pia msahafu wa chapa moja, kwani mahali pa aya katika ukurasa nako ni alama ya kuitofautisha.

Nne, hofu ipunguzwe. Mtu akishtushwa, mwili humwaga homoni ya kotisoli, na homoni hiyo hudhoofisha uwezo wa kukumbuka yaliyokwisha hifadhiwa. Bakora inayoinuliwa wakati mtoto anaitafuta aya huweza kuifukuza aya yenyewe.

Haya yote hayaondoi wajibu wa kudurusu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemfananisha mwenye Qur'an na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki nao, akiwaachia huenda zao. Lakini kuwaangalia ni pamoja na kumjua kila mmoja kwa alama yake.

Kwa hiyo usiku wa leo, mtoto akihama sura, mzazi asiulize kwa nini hasomi. Amuulize: "Mwanangu, ulikuwa sura gani, na sasa umeingia ipi?" Kisha wafungue msahafu mahali pote pawili, waitafute tofauti pamoja.