Kuchagua Hedifoni Nzuri kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo kwa Kamati za Sharika



Katika toleo hili tumeona vema kuandika juu ya kifaa kidogo ambacho husahaulika mara nyingi. Maombi ya vifaa vya sauti yanayofika katika Idara ya Mipango na Maendeleo hutaja spika, miksa, maikrofoni na nyaya. Hedifoni, yaani vipokea sauti vinavyovaliwa masikioni, ama hazitajwi kabisa, ama huwekwa mwisho wa orodha kwa bei ya chini kuliko vyote. Matokeo yake ni usharika kuwa na vifaa vya mamilioni ya shilingi ambavyo kazi yake inakaguliwa kwa eafoni za simu.

Kanisa letu si geni katika kazi ya sauti. Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa, iliyoendeshwa chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ilianza kurusha matangazo mwaka 1963 na kuendelea hadi ilipotaifishwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Leo kazi ya namna hiyo inafanyika hata katika mitaa: kwaya zinarekodi, vijana wanaandaa vipindi vya redio, ibada zinahifadhiwa, na wazee wa imani wanasimulia jinsi Injili ilivyofika vijijini mwao.

Kazi hii ya mwisho ndiyo inayotufanya tulitazame jambo hili kwa uzito. Kwaya ikirekodiwa vibaya inaweza kuitwa tena Jumamosi ijayo. Mzee wa miaka 90 aliyesimulia kwa saa mbili huenda asipate nguvu ya kusimulia tena. Waya wa maikrofoni ukikwaruza na asiyevaa hedifoni asisikie, kasoro hiyo itagundulika ofisini wakati kila mtu amekwisha ondoka. Anayesikiliza vizuri husikia mkwaruzo katika dakika ya kwanza, akaomba radhi, akabadili waya, na kazi ikaendelea.

HEDIFONI ZILIZOFUNGWA NI ZIPI?

Hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote ziko za aina mbili. Za kwanza zina matundu au wavu upande wa nje, hivyo sauti hutoka na kuingia kwa urahisi. Hizi zinafaa mahali penye utulivu, na wengi husifu sauti yake kwa kuwa haibanwi. Za pili zimefungwa nyuma kwa gamba gumu, na mito yake huzunguka sikio na kulala juu ya ngozi ya kichwa. Kwa kazi za usharika tunashauri hizi za pili, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni maikrofoni. Mwimbaji anaporekodi huku akisikiliza kinanda au mlio wa kuhesabu mapigo, hedifoni yenye matundu huvujisha mlio huo. Maikrofoni huudaka, nao hubaki ndani ya wimbo. Kuuondoa baadaye ni vigumu sana.

Sababu ya pili ni kelele za nje. Sharika nyingi hazina chumba maalumu cha kurekodia. Kuna mvua juu ya bati, kuna pikipiki barabarani, kuna jenereta nyuma ya kanisa. Gamba lililofungwa hupunguza kelele hizo, hata fundi akatambua kilichoingia kwenye kinasa sauti na kisichoingia.

Hata hivyo, hedifoni zilizofungwa zina udhaifu wake. Kwa kuwa sauti imefungiwa ndani, besi inaweza kuonekana nzito kuliko ilivyo. Fundi akidanganyika ataipunguza sauti ya nne ya kwaya, na wimbo ukipigwa kwenye redio utasikika mwembamba. Kwa sababu hiyo, baada ya kuchanganya sauti kwa hedifoni, ni vizuri kusikiliza pia kwenye spika ya kawaida kabla ya kukabidhi kazi.

FEDHA YETU INUNUE NINI?

Bajeti ikiwa ndogo, ni lazima kamati ijue kinacholipiwa. Maboksi mengi huandikwa tarakimu kubwa za mawimbi ya sauti. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosogea. Tarakimu zinazozidi hapo zisiwe sababu ya kuongeza bei. Hali kadhalika maneno ya kusifia besi nzito: hiyo ni dalili kwamba sauti imeongezwa chumvi, wakati fundi anahitaji kusikia mambo yalivyo.

Aidha, kwa kazi ya kurekodi hatushauri kulipia Bluetooth. Sauti inayopita hewani huchelewa kwa sehemu ya sekunde, na ucheleweshaji huo unatosha kumtoa mwimbaji kwenye mapigo. Pia betri huisha, nayo haina simile. Hedifoni zenye mtambo wa kuzima kelele ni nzuri safarini, lakini sehemu ya bei yake inalipia mtambo huo, nao unaweza kubadili sauti unayotaka kuikagua. Kwa fedha ileile, hedifoni ya waya isiyo na mapambo huwa na sauti bora zaidi.

Mambo matatu yanastahili fedha yetu: sauti iliyo sawia, mito inayoziba vizuri, na uwezekano wa kupata vipuri.

Kuna tarakimu moja kwenye boksi ambayo inafaa kusomwa: ile ya omu. Hii huonyesha ukinzani wa hedifoni kwa umeme unaoiendesha. Kinasa sauti kidogo, simu au kompyuta ya mkononi kwa kawaida huendesha vizuri hedifoni za kati ya omu 32 na 80. Hedifoni ya omu 250 ikichomekwa kwenye simu mara nyingi husikika kwa mbali, nayo si mbovu. Inahitaji tu kifaa chenye nguvu zaidi. Usharika unaweza kupokea hedifoni ya gharama kubwa ukaiweka kabatini ukidhani imeharibika, kumbe ni tofauti ya omu tu.

VIPIMO SITA DUKANI

Tunawashauri wanaotumwa kununua wasiende peke yao na wasiende na haraka. Wabebe simu yenye wimbo wa kwaya yao wenyewe, kwa maana wimbo wanaoujua ndio kipimo cha kweli. Kisha wafanye yafuatayo:

1. Wasikilize kwa sauti ya chini. Je, sauti zote nne za kwaya zinasikika, au besi imemeza maneno? Herufi "s" na "sh" zisichome sikio.

2. Wasikilize hotuba ya mtu mmoja iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja. Sauti yake isikike katikati ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, pande mbili za hedifoni hazilingani. Ikitawanyika pande zote na besi ikapotea, huenda nyaya za upande mmoja zimeunganishwa kinyume.

3. Wapime uzibaji. Avae mmoja bila muziki, mwenzake azungumze karibu yake. Kisha muziki upigwe na mwenzake asikilize kiasi kinachovuja. Anayevaa miwani avae na miwani yake, kwa kuwa mkono wa miwani hufungua upenyo na kupunguza besi.

4. Watikise waya taratibu karibu na jeki na mahali unapoingia kwenye gamba. Sauti ikikatika, waiache.

5. Waivae kwa dakika 15 hadi 20. Kazi ya kurekodi huchukua nusu siku, na hedifoni inayobana kichwa huvuliwa kabla ya saa moja kupita.

6. Waulize habari za mito na waya wa akiba, na kama boksi lina adapta ya kutoka jeki ndogo ya milimita 3.5 kwenda kubwa ya milimita 6.35, ambayo hutumika kwenye miksa nyingi.

Juu ya hayo yote, wadai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Majina makubwa yana bidhaa bandia nyingi. Bei ikiwa chini mno kuliko inavyojulikana, huo ni mwaliko wa kujiuliza maswali. Ni afadhali hedifoni halisi ya jina dogo kuliko ya bandia yenye jina kubwa.

MIFANO MITATU INAYOJULIKANA

Hatufanyi biashara na kampuni yoyote, lakini kamati hutuomba majina ili ziwe na pa kuanzia. Bei tunazotaja ni za kukadiria kwa masoko ya Ulaya na Marekani. Za hapa nyumbani huongezewa usafiri na kodi.

Audio-Technica ATH-M20x huuzwa kati ya dola 50 na 70. Ina omu 47, hivyo inafaa kwa kinasa sauti na kompyuta, na waya wake una urefu wa mita 3. Waya huo hauchomoki, kwa hiyo ukikatika ni kazi ya fundi wa kulehemu. Kwa usharika unaoanza, tunaona huu ni mwanzo mzuri.

Sony MDR-7506 huuzwa takriban dola 100. Ilianza kutengenezwa mwaka 1991 na bado ipo sokoni, jambo linalomaanisha kwamba mito na vipuri vyake hupatikana. Ina omu 63, hukunjika, na hutumika katika vituo vingi vya redio. Mito yake ya ngozi bandia hubanduka baada ya muda, hivyo iwekwe kwenye bajeti.

Beyerdynamic DT 770 Pro, kutoka kampuni ya Heilbronn, Ujerumani, huwa kati ya dola 150 na 200. Matoleo yake mengi yana mito laini kama mahameli isiyobanduka kama ngozi bandia, na sehemu zake nyingi hubadilishwa. Hutolewa kwa omu 32, 80 na 250, kwa hiyo agizo litaje omu. Kwa usharika wenye studio inayofanya kazi kila wiki, gharama hiyo ina maana.

Kamati zisiogope kupiga hesabu ya miaka. Tuchukue mfano wa hedifoni ya shilingi 20,000 inayokufa kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka ni shilingi 60,000, na kwa miaka mitatu ni shilingi 180,000, nayo haikuwahi kutoa sauti ya kuaminika hata siku moja. Rahisi inaweza kuwa ghali.

NENO KWA WAFADHILI NA MARAFIKI

Tunawashukuru washirika wetu wanaotutumia vifaa. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutuma, ulizeni usharika una kifaa gani cha kuchomekea, ili omu zilingane. Pili, hedifoni zilizotumika zinapokelewa kwa furaha, mradi ziwe za kufungwa na ziambatane na jozi ya mito mipya. Tatu, hedifoni mbili za aina moja zina faida kuliko tatu za aina tofauti, kwa sababu vipuri huingiliana na fundi na mwimbaji husikia kitu kimoja.

KUTUNZA KIFAA NA KUTUNZA MASIKIO

Hedifoni iandikwe katika daftari la mali za usharika na iwe na mtu mmoja anayewajibika. Baada ya kazi mito ifutwe jasho kwa kitambaa kikavu, waya uviringishwe kwa duara pana bila kuuzungushia kwenye hedifoni, na kifaa kihifadhiwe mbali na jua na vumbi. Wakati wa kuchomoa, ishikwe jeki, usivutwe waya. Jeki iliyokatika hubadilishwa na fundi redio kwa gharama ndogo, isitupwe.

Masikio ya vijana wetu ni mali kubwa zaidi, na hayana vipuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, na 89 ni saa 5 tu. Faida ya hedifoni iliyofungwa ni kwamba fundi hana haja ya kupandisha sauti ili kushindana na kelele za nje. Masikio yakianza kuvuma au kupiga mluzi baada ya kazi, sauti ilikuwa kubwa mno. Wazee wanaosimamia kazi za vijana wawaulize jambo hili.

HITIMISHO

Kwa ufupi, hedifoni moja ya waya, iliyofungwa nyuma, inayofunika sikio lote, yenye omu kati ya 32 na 80 na vipuri vinavyopatikana, inatosha kuanzia. Tunapendekeza kila andiko la mradi wa vifaa vya sauti liwe na mstari wake wa hedifoni, na mstari wa pili wa mito ya akiba. Na kama fedha hazitoshi kwa yote, heri spika ingoje msimu ujao wa mavuno. Wazee wanaotusimulia habari za kanisa la kwanza hawatatungoja.