Fahamu: Mtoto anapougua nimonia kila mara, huenda tatizo si kifua

Mtoto wa kiume anazaliwa salama, ananyonya vizuri, ananenepa. Akivuka miezi 6 mambo yanageuka: sikio linatoa usaha, inafuata nimonia, anapona, inarudi, mara homa ya uti wa mgongo. Anapimwa VVU, hana. Wengi huishia hapo.

Zipo kasoro za kinga za kurithi, na aina zinazojulikana zimepita 400. Mojawapo ilielezwa mwaka 1952 na daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, aliyemtibu mvulana wa miaka 8 asiye na kingamwili katika damu. Jeni yenye hitilafu, BTK, ilitambuliwa 1993. Imo kwenye kromosomu X, ndiyo maana mama huibeba bila kuumwa, akaugua mwanawe wa kiume. Ile miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na kingamwili alizopata kwa mama akiwa tumboni.

Dalili moja haihitaji mashine: mtoto apanue mdomo. Tonsili zake huwa ndogo mno, au hazionekani kabisa. Kipimo cha damu ndicho huthibitisha.

Tiba ni kuongezewa kingamwili za watu wengine, kwa dripu au sindano chini ya ngozi, maisha yote. Ni ghali. Halafu kuna hili lisilosemwa vya kutosha: mtoto huyu hapaswi kupewa matone ya polio, maana virusi vilivyodhoofishwa vilivyomo vinaweza kudumu mwilini na kumpoozesha. Chanjo ya polio ya sindano haina hatari hiyo. Kama wajomba zake upande wa mama walifariki wakiwa wadogo, daktari aambiwe mapema.