Jinsi matumba ya miti yanavyovuka majira ya baridi

Mwezi Januari huko Minnesota, Marekani, kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na mtufaha uliopukutika hudhaniwa unangoja joto ndipo uanze kutengeneza majani. Sivyo. Majani ya mwaka mpya yalianza kuundwa tangu kiangazi kilichopita. Hata maua yamo tayari, yamekunjwa ndani ya matumba madogo yaliyoshikamana na tawi.

Tumba hufunikwa na magamba, ambayo kwa asili ni majani yaliyopewa kazi nyingine. Watu wengi huyaona kama blanketi, lakini mti hautengenezi joto la mwili la kuhifadhiwa. Usiku ukiwa mrefu, tumba hupoa sawa na hewa inayolizunguka. Kazi kubwa ya magamba ni kuzuia ukavu. Upepo wa baridi hunyonya maji wakati udongo umeganda na mizizi haiwezi kuleta mengine.

Adui hasa ni barafu inayojitengeneza ndani ya seli. Hiyo hupasua utando wake, na seli hufa. Kwa hiyo mti huiacha barafu ijijenge nje, katika nafasi zilizo kati ya seli. Maji hutoka ndani polepole kuifuata, na kinachobaki ni rojo nzito ya sukari na protini isiyoganda kwa urahisi. Mpichi una njia nyingine: maji ya tumba la ua hubaki kimiminika hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kuwa hakuna chembe ya barafu ya kuanzisha mgando. Njia hii ina ukomo. Baridi ikizidi, maji hayo huganda ghafla na ua hufa.

Ile njia ya kwanza ina nguvu ya kustaajabisha. Mwaka 1960 mtafiti Mjapani Akira Sakai alichapisha matokeo yake kuhusu vitawi vya miti vilivyogandishwa kwanza taratibu, kisha vikatumbukizwa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Vilibaki hai. Vitawi hivyo hivyo vingekufa mwezi Julai kwa baridi ndogo tu, maana ustahimilivu huu hujengwa upya kila mwaka: majani huhisi usiku unarefuka, ukuaji unasimama, halafu baridi ya kwanza inakamilisha maandalizi.

Baada ya hapo tumba hulala, na joto la siku mbili tatu haliliamshi. Mitufaha mingi huhitaji jumla ya saa 800 au zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi kabla ya kuwa tayari kuchipua. Hitaji hilo likishatimia, kilichobaki cha kulizuia tumba ni baridi yenyewe. Ndiyo maana naona joto la mapema linatisha kuliko Januari kali. Machi 2012 jimbo la Michigan lilipata joto la kiangazi, matumba yakafunguka. Jalidi ya Aprili ikaangamiza karibu asilimia 90 ya mavuno ya matofaa.

Hitaji hilo la baridi ndilo linalomkwaza mkulima wa nyanda za juu za Kenya anayepanda aina za Ulaya: mti hukua, lakini matumba huchipua kwa kusuasua na maua huwa haba. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli, hutosheka na saa za baridi zilizo chache kuliko hizo, na ndiyo hupandwa na wengi huko.